Hodi Nyuma ya Mtaa wa Saint-Jean

Mazungumzo ya leo yanaanzia mlangoni. Mlango wenyewe ni nambari 54, mtaa wa Saint-Jean, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa. Kwa nje hauna cha kumsimamisha mpita njia: mbao nzito zilizokoza rangi, ukuta wa mawe uliochubuka kwa chini, na ubavuni safu ya vitufe vya kengele, kila kimoja na jina la mpangaji wake. Ni mlango wa nyumba ya watu.

Mwenyeji wangu akaniambia, "Sukuma."

Mkono ulikataa. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimelelewa katika vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana mmoja hujibana ukutani, na kabla sijajua kusoma nilikwishafunzwa kwamba mlango wa mtu haushikwi. Unapiga hodi. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, wala hununi. Leo mtu mzima mimi, mbele ya mlango wenye majina ya watu nisiowajua, naambiwa nisukume niingie! Nikapiga hodi kimoyomoyo, nikasukuma.

Ndani kuna giza la ghafla na baridi ya mawe. Ni ujia mwembamba, dari yake ya matao, na kila hatua unayopiga inakurudia masikioni. Unatembea hivyo kidogo, kisha mwanga unakupokea. Umetokeza kwenye ua wa ndani, nawe uko chini kabisa kama aliye ndani ya kisima. Pande zote zimesimama ghorofa tatu, ghorofa nne, kuta zimepakwa rangi ya udongo mwekundu na manjano iliyofifia. Roshani za mawe zimepandana moja juu ya nyingine, na pembeni kuna mnara wa mviringo uliobeba ngazi za kuzunguka. Baiskeli imefungwa mnyororo kwenye nguzo. Dirishani kuna chungu cha majani ya kutia kwenye mchuzi. Huko juu mtu anaosha vyombo. Sahani zinalia, mtu mwenyewe humwoni. Unavuka ua, unaingia ujia mwingine, unakuta ua mwingine, hata nyua nne zinaisha. Hapo unasukuma mlango wa mwisho na kujikuta mtaa wa Bœuf, nambari 27. Umetoka mtaa mmoja umefika mtaa wa pili kwa kupita ndani ya nyumba za watu. Hii ndiyo njia ndefu kuliko zote za aina yake katika Lyon ya kale.

Wenyewe wanaiita traboule. Wataalamu wanasema jina hilo limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kutembea kwa kuvukia upande wa pili. Ziko nyingi, mjini kote zinahesabiwa kwa mamia, ingawa zilizo wazi kwa mgeni ni makumi tu.

Huenda msikilizaji unajiuliza: mtu mwenye akili zake anajenga vipi nyumba ya kupitwa na kila ajaye? Jawabu liko kwenye ardhi. Lyon ya kale imejibana kati ya kilima cha Fourvière na mto Saône. Kilima kiko nyuma, mto uko mbele, na katikati pana ukanda mwembamba wa ardhi. Mitaa yake mikubwa inafuata mto, mtaa huu sambamba na ule, na ya kukata katikati ni michache mno. Viwanja navyo vilikuwa vyembamba kwa mbele na virefu kwenda nyuma, hivyo nyumba moja inaishia pale nyingine inapoanzia. Aliyetaka kuteka maji mtoni, au kushusha mzigo kutoka kwenye mashua, angelazimika kuzunguka safu nzima ya nyumba. Wakaona isiwe tabu: wakatoboa njia chini ya nyumba zao. Mwenye kiwanja akapata njia, na jirani yake akapata njia.

Hapa nisahihishe jambo moja linalorudiwa sana na wanaotembeza wageni. Wengi husema njia hizi zilijengwa kwa ajili ya wafumaji wa hariri, ili vitambaa visilowe mvua. Hariri ilipita humo, ni kweli, lakini katika Lyon ya kale njia nyingi zilikuwako kabla ya hariri kushika mji. Hadithi ya vitambaa kukwepa mvua inafaa zaidi kwa kilima cha pili, kilima cha Croix-Rousse, ambako wafumaji walihamia karne ya 19. Sababu ya kuhama ilikuwa urefu wa dari. Mtambo wa Jacquard, uliobuniwa mwanzoni mwa karne hiyo, uliongeza kimo cha kitanda cha mfumi kiasi cha kutoenea kwenye vyumba vya zamani. Croix-Rousse wakajengewa nyumba za dari ya juu, nao wakahama na vyombo vyao.

Lakini tusikimbilie mbele. Lyon ni mji mkongwe hasa. Warumi waliuasisi mwaka 43 kabla ya Kristo, juu ya kilima, wakauita Lugdunum, na ukumbi wao wa michezo ungali pale juu, viti vyake vya mawe vimekabili bonde. Watu walishuka chini kando ya mto baadaye. Neema kubwa ikaja karne ya 15 na ya 16, na iliyoileta ni minada. Mfalme Louis wa 11 aliupa mji haki ya kuwa na minada minne kwa mwaka, na kila mmoja ulivuta wafanyabiashara kutoka Italia, Ujerumani na Uswisi. Palipo na bidhaa pana fedha, na palipo na fedha watu wa benki hawakawii. Wakaja kutoka Florence na Lucca, wakajenga majumba. Ukoo mmoja, Guadagni, Wafaransa wakalitamka jina lao Gadagne, ulitajirika hadi watu wa Lyon wakawa wanasema fulani ni tajiri kama Gadagne. Jumba lao bado lipo, na leo ni makumbusho ya historia ya mji.

Humo ndani pia kuna makumbusho ya vikaragosi vya kuchezeshwa kwa mkono. Nilidhani nitapita haraka, nikakaa. Mwanasesere wa Lyon anaitwa Guignol, na aliyemzua, Laurent Mourguet, alikuwa mfumaji wa hariri aliyekosa kazi. Akageukia kung'oa meno ya watu barabarani, na ili mgonjwa asikimbie, na pengine asisikike akilia, akawa anachezesha vikaragosi. Mwisho aliacha meno akabaki na vikaragosi. Guignol alizaliwa mikononi mwake karibu na mwaka 1808, na kila kizazi cha watoto wa mji ule kimemjua tangu hapo: mtu wa chini, mwenye ulimi mwepesi, asiyemwogopa askari wala mwenye nyumba.

Mtaa wa Juiverie ni wa karibu hapo. Jina lake ni kumbukumbu ya Wayahudi waliokaa pale mpaka walipofukuzwa karne ya 14. Watu waliondoka, jina likabaki. Kwenye nambari 8 kuna ua ambao nautaja kila ninapopata wa kumsimulia. Mwenye nyumba alikuwa na majengo mawili, akataka yaunganishwe, na hakutaka kupoteza hata shubiri ya ua wake. Kazi akapewa kijana wa Lyon aliyekuwa ametoka Roma kujifunza, Philibert Delorme. Ilikuwa mwaka 1536. Kijana akakijenga kiungo hewani: ukumbi mwembamba wa mawe, matao yake yamepangana, na kila upande umebebwa na kona ya mawe iliyochongwa ikajipinda kama kiganja kinachopokea kitu. Chini yake ua ni mtupu, mtu anapita. Nilisimama chini nikakitazama kile kiganja cha mawe hadi shingo ikauma. Delorme baadaye alikuwa fundi mkuu wa wafalme wa Ufaransa, lakini dalili zote ziko pale uani.

Mwaka huohuo wa 1536 ndipo Mfalme François wa Kwanza alipoupa mji ruhusa ya kufuma vitambaa vya hariri, ili fedha za Ufaransa zisiishie zote Italia. Nao wachapaji wa vitabu walikuwa wamekwishatangulia: kitabu cha kwanza kuchapwa Lyon ni cha mwaka 1473, na karne iliyofuata mji ule ulikuwa mmoja wa vituo vikubwa vya uchapaji barani Ulaya.

Mji huo wa fedha, vitabu na hariri uliwezaje basi kutufikia sisi leo, ukiwa mzima? Miji mingapi ya Ulaya ilikuwa na utajiri huo na leo hayapo hata mawe ya msingi? Sababu yake inauma kidogo: watu wa Lyon ya kale walifukarika. Matajiri walivuka mto, wakahamia kwenye ardhi ya katikati, baina ya mto Saône na mto Rhône, wakajenga upya huko kwa mitindo mipya. Upande wa zamani wakaachiwa mafundi wadogo, vibarua, na baadaye wahamiaji. Jumba la tajiri mmoja likakatwa vipande vya familia kumi. Roshani za mawe zikazibwa kwa mbao ili kupata chumba kingine. Choo kikawa cha pamoja, kwenye ngazi. Hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, na kwa hivyo hakuna aliyebomoa. Kuta zilihifadhiwa na ufukara wa watu waliokaa ndani yake, na tunapozisifia kuta hizo leo tukiwa na kamera shingoni, tuwakumbuke wao.

Na msidhani kilima kiliwaacha salama. Usiku mmoja wa Novemba 1930 udongo wa Fourvière uliporomoka juu ya nyumba za upande wa mtaa wa Tramassac. Wazima moto wakakimbilia kuokoa. Wakiwa katikati ya kifusi, udongo ukaporomoka mara ya pili ukawafunika. Wazima moto 19 walikufa usiku ule, pamoja na wakazi waliokuwa wamelala.

Katikati ya karne ya 20, basi, mtaa wa kale wote ulikuwa na jina baya. Wakubwa wa mji waliuona kama kidonda. Meya wa wakati huo, Louis Pradel, aliyeshika mji kuanzia mwaka 1957, alikuwa mtu wa magari na saruji, na palikuwa na mpango wa kupitisha barabara kubwa ikate mtaa wa kale katikati. Barabara hiyo ingeziondoa nyumba za watu karne tano baada ya kujengwa. Waliosimama kuipinga walikuwa raia tu. Walikuwa na chama chao cha kuufufua mtaa, kilichoanzishwa mwaka 1946 mara baada ya vita, wakifungua nyua zilizojaa takataka, wakiwaonyesha watu kilichokuwa nyuma ya masizi. Mmoja wa viongozi wao, mwandishi wa habari Régis Neyret, aliishughulikia kazi hiyo maisha yake yote. Kelele zao zilifika Paris, zikamkuta waziri wa utamaduni André Malraux, ambaye naye alikuwa na jambo lake moyoni. Tarehe 4 Agosti 1962 ikapitishwa sheria inayobeba jina lake mpaka leo. Sheria ile ilileta fikra mpya: kabla yake serikali ilikuwa inalinda kanisa moja, kasri moja, mnara mmoja. Sasa ikawezekana kulinda mtaa mzima, na nyumba zake za kawaida, na nyua zake, na mpangilio wake. Mwezi Mei 1964 mtaa wa kale wa Lyon ukawa wa kwanza nchini Ufaransa kuwekwa chini ya ulinzi huo. Magari yakachimbiwa njia chini ya kilima cha Fourvière, iliyofunguliwa mwaka 1971. Na mwaka 1998 UNESCO ikaingiza mitaa ya kihistoria ya Lyon katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nasema haya polepole kwa sababu yananigusa. Nilipokuwa mdogo, nyumba iliyotazamana na yetu Mombasa ilikuwa na mlango wa nakshi. Sisi watoto tulikuwa tukiingiza vidole kwenye maua yake ya mbao tukihesabu petali. Siku moja tulitoka chuoni tukakuta uwazi. Mlango umeng'olewa, umeuzwa, na jioni ukabandikwa wa chuma. Mama alisimama kibarazani akatazama, akasema tu, "Wamemkata ulimi." Hapakuwa na wa kupelekewa shauri. Ndiyo maana ninapowasikia watu wa Lyon wakisimulia walivyokaa vikao miaka na miaka kwa ajili ya ngazi na nyua, mimi siwasikilizi kama mgeni.

Turudi sasa kwenye ule mlango wa nambari 54, maana nilimuuliza mwenyeji wangu swali lililonikereketa: nani aliyeruhusu mimi nipite? Akanieleza. Nyumba zile ni mali ya watu, si mali ya mji. Mji umeketi na wenye nyumba, ua baada ya ua, wakaandikiana makubaliano. Mwenye nyumba anakubali mlango uachwe wazi mchana watu wapite. Mji nao unachangia gharama za taa, usafi na matengenezo ya njia ile. Mlangoni panawekwa kibao kumwambia mpitaji kwamba njia iko wazi na kwamba juu kuna watu wanaishi, apite kwa utulivu. Jioni mlango unafungwa. Pasipo na makubaliano, mlango ni wa mwenyewe na husukumi. Nikapumua. Kumbe hodi imekwishapigwa kwa niaba yangu, na imekwishaitikiwa, kwa maandishi.

Tangu hapo nikatembea vizuri zaidi. Nikaona pia makosa ya sisi wageni. Katika ua mmoja mtaa wa Bœuf, ule wenye mnara wa rangi ya waridi, lilikuwako kundi la watu kama ishirini, kiongozi wao akisema kwa sauti ya kunadi samaki. Mwanamke mmoja mzee akatokeza mlangoni na kikapu cha magurudumu, mkate umechomoza juu. Alisimama. Kundi halikumwona. Akangoja, uso wake hauna hasira, una uchovu wa mtu aliyengoja namna hiyo jana na juzi. Mwishowe akapenya pembeni, bega kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Nilimpisha nikamwamkia kwa Kifaransa changu kibovu, "Bonjour, madame," akanijibu kwa sauti safi kama aliyesubiri salamu hiyo tangu asubuhi.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohana liko mwisho wa mtaa wa Saint-Jean, na ujenzi wake ulianza karne ya 12 ukamalizika karne ya 15. Ndani kuna saa kubwa ya falaki, ya zama za kati, yenye visanamu vilivyoundwa vicheze. Mbele, kwenye milango, malaika wa mawe hawana vichwa: vilivunjwa mwaka 1562, katika vita vya dini, askari wa baron des Adrets walipouteka mji. Wageni wengi hutazama mambo hayo. Mimi naomba uinue macho juu zaidi, kwenye mabomba ya mvua. Makanisa ya zamani ya Ulaya yana desturi ya kuchonga vinywa vya mawe vinavyotema maji ya paa mbali na ukuta: majoka, mazimwi, nyuso zilizokunjamana. Kanisa hilo lilipokuwa likitengenezwa, mchonga mawe alipewa kazi ya kuchonga upya kinywa kimoja kilicholiwa na mvua, na mafundi wa zamani walikuwa na uhuru wa kuweka sura ya mtu wanayempenda. Yeye akachonga sura ya swahiba wake, msimamizi wa mafundi, Mwislamu mwenye asili ya Algeria, aliyekuwa amefanya kazi ya kulitengeneza kanisa lile kwa miongo mingi. Na chini ya sura hiyo akachonga maneno: kwa Kifaransa, Mungu ni Mkubwa, na Allahu Akbar. Mwaka 2010 habari hiyo ilipotoka wako waliokasirika wakataka sanamu iondolewe. Wenye kanisa wakasema ibaki.

Nilimtafuta kwa muda hadi mwenyeji akanionyesha kwa kidole. Uso wa mtu mzima, wa kazi, umechomoza hewani juu ya mtaa. Nikafikiri: Waitaliano walikuja na fedha, wafumaji wakaja na mikono yao, wahamiaji wa Algeria wakaja na mwiko na nyundo, na huyu, siku zake za kupanda ngazi za jukwaa zikiisha, atabaki pale juu akiitazama kazi yake karne zijazo. Sijaona shukrani ya fundi kwa fundi iliyonifurahisha kuliko ile.

Ukingoni mwa mto, hatua chache tu, kuna jengo la mahakama lenye nguzo 24 zinazotazama maji. Hapo nilinyamaza. Mwaka 1987, kati ya Mei na Julai, ukumbi mkubwa wa jengo hilo uligeuzwa chumba cha mahakama kumsikiliza Klaus Barbie, aliyekuwa mkuu wa Gestapo mjini Lyon wakati wa vita. Ilikuwa mara ya kwanza Ufaransa kumhukumu mtu kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Miongoni mwa mashtaka ilikuwemo habari ya watoto 44 wa Kiyahudi waliokamatwa mwaka 1944 katika nyumba ya kuwahifadhi, kijiji cha Izieu, wakapelekwa kuuawa. Alipewa kifungo cha maisha. Katika miaka ile ya vita, traboule zilikuwa na kazi nyingine: waliopigana kwa siri dhidi ya Wajerumani walizitumia kuwapotea waliowafuata, kwa kuwa mgeni anaona mlango uliofungwa pale mwenyeji anapoona njia. Unapopita kwenye ujia ule mwembamba na kusikia hatua zako zikikurudia, fikiria mtu aliyezisikia hatua za mwingine nyuma yake.

Kuhusu chakula sitakaa sana. Mikahawa ya kienyeji inaitwa bouchon, na vyakula vyake vingi vina nyama ya nguruwe na matumbo, basi asiyekula aulize mapema, hakuna atakayenuna. Iko jibini laini ya kuchanganywa na majani na kitunguu saumu, inayoitwa ubongo wa mfumaji, na haina ubongo wowote. Ni mlo wa watu waliokosa nyama. Na viko vitumbua vya samaki wa mtoni vinavyoumuka kwenye mchuzi. Hivyo nilivila mara mbili.

Linalonishughulisha zaidi ni hili. Siku hizi mtaa wa kale umependwa mno. Chini, duka la aiskrimu limefuatana na duka la zawadi. Juu, vyumba vya kupangisha wageni kwa usiku mbili tatu. Kodi inapanda, na anayehama ni yuleyule: fundi, mwanafunzi, mama mzee mwenye kikapu. Makubaliano ya milango yaliandikwa na majirani wanaojuana, wanaokutana kwenye ngazi. Siku ngazi zitakapobaki na wageni watupu wanaoburuta masanduku, nani ataketi kwenye kikao cha wenye nyumba aseme mlango uachwe wazi? Wakazi wanalisema jambo hili wazi, na mji nao umeanza kuweka masharti kwenye upangishaji wa muda mfupi. Mimi naungana na wakazi. Ningependa kurudi Lyon nikute bei ya chumba cha mgeni imepanda na ya mama yule imetulia.

Nisiwaache bila tarehe moja ya furaha. Tarehe 8 Desemba, usiku, watu wa Lyon huweka vibatari vya mishumaa kwenye madirisha. Ilianza mwaka 1852. Palikuwa na sanamu ya Bikira Maria ya kuzinduliwa juu ya Fourvière mwezi Septemba, lakini mto ulifurika hadi kwenye karakana ya mchongaji, shughuli ikaahirishwa hadi Desemba. Siku ilipowadia tufani ikapiga, fataki zikaghairiwa. Jioni mbingu ikasafika ghafla, na watu, pasipo kuambiwa na yeyote, wakawasha mishumaa madirishani. Sasa imekuwa sikukuu kubwa ya taa za umeme na watu wasiohesabika, lakini vibatari vya madirishani havijaachwa.

Siku yangu ya mwisho nilirudi mtaa wa Bœuf jioni, nikiwa peke yangu. Makundi yalikuwa yameondoka. Nilitaka kupita tena njia ndefu, nirudi Saint-Jean kwa ndani. Nilipofika nambari 27 nikakuta kijana mmoja, mfuko wa viazi mkononi, anabonyeza tarakimu za kufungulia. Saa ya kufunga ilikuwa imewadia. Akanitazama, akaushikilia mlango kwa mguu, akauliza kama nami naishi humo. Nikamwambia hapana. Akasema jioni njema, nami nikamjibu jioni njema, akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu kwa uzito wake wenyewe. Nikasikia hatua zake zikipita ujia, zikavuka ua, kisha zikaanza kupanda ngazi za kuzunguka. Baada ya muda kidogo taa ikawaka ghorofa ya tatu. Nikazunguka kwa nje.